Walter Cannon: Msomi aliyefichua siri ya hofu mwilini

MOYO unapodunda kwa kishindo, mate yakakauka kinywani, nywele zikasimama na tumbo likajikunja, mtu hujua kwamba hofu imemwingia. Wahenga waliyafahamu hayo tangu jadi. Hata hivyo, sababu ya mwili mzima kugeuka hivyo kwa muda wa kufumba na kufumbua haikueleweka hadi mapema katika karne ya 20, pale mwana wa mfanyakazi wa reli nchini Marekani alipoamua kuifanya kuwa kazi ya maisha yake.

Jina lake lilikuwa Walter Bradford Cannon. Ndiye aliyeonyesha jinsi ubongo, neva na homoni ya adrenalini vinavyoshirikiana kuuandaa mwili ama kupigana ama kutimua mbio. Ndiye pia aliyebuni neno homeostasi, ambalo wanafunzi wa shule za upili humu nchini hulikariri katika somo la biolojia bila kujua kwamba lilitoka kwa mtu mmoja, na kwamba mtu huyo aliilipia elimu yake kwa uhai wake.

Cannon alizaliwa mnamo Oktoba 19, 1871, katika mji mdogo wa Prairie du Chien, jimbo la Wisconsin, kando ya mto Mississippi. Babake, Colbert, aliajiriwa katika shirika la reli, lakini moyo wake ulikuwa katika utabibu, kazi ambayo hakujaliwa kuisomea. Mamake, Sarah, alikuwa mwalimu. Alifariki Walter akiwa na umri wa miaka 10 pekee, akamwachia mwanawe wasia kwamba maishani autendee ulimwengu mema.

Baba huyo hakuwa mtu wa mzaha. Walter alipofikisha miaka 14 na kuonekana kuzembea masomoni, alimtoa shuleni na kumpeleka kufanya kazi katika afisi za reli. Kijana alitumikia huko kwa miaka miwili. Aliporejea darasani alikuwa amejua thamani ya kitabu, akamaliza masomo ya shule ya upili mjini St. Paul, jimbo la Minnesota, kwa kasi iliyowashangaza walimu wake. Mmoja wao, mwanamke aliyemfundisha Kiingereza, ndiye aliyemhimiza aombe nafasi katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Alijiunga na Harvard mnamo 1892 kwa msaada wa ufadhili, huku akifanya vibarua ili kujikimu. Miongoni mwa waliomfundisha ni mwanafalsafa mashuhuri William James, na kuna wakati kijana huyo alitamani kufuata falsafa. James mwenyewe alimshauri aachane na wazo hilo, kwa kuwa falsafa isingemshibisha. Cannon akafuata utabibu, na miaka mingi baadaye akaja kuipinga hadharani nadharia kuu ya mwalimu huyo huyo.

Bahati ilimwangukia alipoanza mwaka wake wa kwanza katika shule ya tiba mnamo 1896. Mwaka mmoja hivi awali, mwanasayansi wa Ujerumani Wilhelm Röntgen alikuwa amegundua miale ya eksirei. Profesa Henry Bowditch wa Harvard aliwaza kwamba miale hiyo ingeweza kutumiwa kutazama chakula kikishuka kooni mwa mnyama aliye hai, na kazi hiyo akawakabidhi Cannon na mwanafunzi mwenzake.

Mnamo Desemba 1896, Cannon alitazama kifungo cha nguo kikishuka katika koo la mbwa. Baadaye alimtumia bata bukini, aliyewekwa ndani ya sanduku huku shingo yake ndefu ikichomoza nje, ili wasomi wenzake wajionee mlo ukiteremka. Kwa kuwa chakula cha kawaida hakionekani katika eksirei, alikichanganya na unga wa madini ya bismathi, unaoizuia miale na kuacha kivuli. Mbinu hiyo ilifungua njia kwa uchunguzi wa tumbo unaofanywa hospitalini hadi leo, ambapo mgonjwa hunyweshwa uji mzito wa bariamu.

Ni katika kazi hiyo ambapo alikumbana na jambo lililobadili maisha yake. Alikuwa akichunguza matumbo ya paka, akiyaona yakijikunja na kujikunjua kwa mpangilio kama mawimbi. Lakini kila paka alipoghadhabika au kuingiwa na wasiwasi, mawimbi yale yalikoma ghafla. Alipobembelezwa na kutulia, tumbo lilianza tena kazi yake.

Mtafiti mwingine angeliona hilo kuwa usumbufu tu. Cannon aliliona kuwa swali. Ni kitu gani kilichotoka kichwani mwa mnyama na kufika tumboni, kikaamuru usagaji wa chakula usimame?

Alihitimu udaktari mnamo 1900 na mwaka uliofuata akamwoa Cornelia James, mwanamke hodari ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi wa riwaya. Katika fungate yao walikwea mlima mmoja jimboni Montana. Mlima huo, ambao leo umo ndani ya mbuga ya kitaifa ya Glacier, uliitwa kwa jina la Cannon. Walijaliwa mwana mmoja wa kiume na mabinti wanne. Mnamo 1906 Cannon alirithi kiti cha Bowditch, akaongoza idara ya fiziolojia ya Harvard hadi alipostaafu mnamo 1942.

Jibu la swali lake lilimwongoza hadi kwa neva za simpathetiki. Hizi ni neva zinazochipuka kutoka uti wa mgongo na kusambaa hadi kwenye moyo, mapafu, mishipa ya damu, tumbo, ngozi na tezi. Mtu hawezi kuziamuru kama anavyouamuru mkono wake uinuke. Hufanya kazi zenyewe, usiku na mchana, zikipokea maagizo kutoka sehemu za ubongo zilizo chini ya kiwango cha fikra.

Baadhi ya neva hizo huishia katika tezi mbili za adrenali, zilizokaa juu ya figo mithili ya kofia. Wakati huo ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba tezi hizo hutengeneza adrenalini. Jambo ambalo halikujulikana ni iwapo hisia, kitu kisichoshikika wala kuonekana, zingeweza kuzifanya zimwage homoni hiyo katika damu.

Mnamo 1911, Cannon na mwenzake Daniel de la Paz waliamua kulipima hilo. Walichukua damu ya paka aliyetulia, kisha wakamleta mbwa akambwekea paka yule, na wakachukua damu yake tena. Walitumbukiza kipande cha msuli wa utumbo katika kila damu. Katika damu ya kwanza, msuli uliendelea kujikunja kama kawaida. Katika damu ya pili ulilegea, kama unavyolegea unapotiwa adrenalini. Paka waliokuwa wameondolewa tezi za adrenali hawakutoa matokeo hayo hata walipoghadhabishwa.

Kuanzia hapo milango ilifunguka mmoja baada ya mwingine. Cannon na wanafunzi wake walionyesha kwamba adrenalini huamsha ini litoe sukari, huufanya moyo upige kwa nguvu, huondoa damu tumboni na kuipeleka katika misuli, na kuharakisha kuganda kwa damu. Walipima mikojo ya wanafunzi waliotoka katika mtihani mgumu na ya wachezaji wa kandanda ya Kimarekani baada ya mechi kali, wakakuta sukari kwa baadhi yao.

Maelezo yake yalikuwa mepesi kueleweka, na hapo ndipo palipokuwa na nguvu yake. Mnyama anayekabiliwa na adui ana njia mbili tu, kupambana au kutoroka. Njia zote mbili zinahitaji misuli yenye sukari na damu ya kutosha, na jeraha likitokea ni heri damu igande upesi. Kusaga chakula kunaweza kungoja. Aliyakusanya hayo katika kitabu alichokitoa mnamo 1915 kuhusu mabadiliko ya mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na hasira.

Si wote waliomwamini. George Stewart na Julius Rogoff, watafiti wa mjini Cleveland, walishikilia kwamba tezi za adrenali hutoa homoni kwa kipimo kile kile wakati wote, na kwamba Cannon alipotoshwa na mbinu zake. Mzozo huo ulidumu kwa miaka mingi na ulimkera sana.

Hakujibu kwa maneno matupu. Alibuni njia ya kukata neva zote za moyo wa paka huku mnyama akiendelea kuishi. Moyo wa aina hiyo haupokei tena amri ya moja kwa moja kutoka ubongoni, kwa hivyo ukienda mbio ni lazima uwe umeamshwa na kitu kilichomo ndani ya damu. Paka aliposisimka, moyo ule ulienda mbio. Tezi za adrenali zilipoondolewa, mbio zile zilipungua mno. Wengi wa wanasayansi waliona kwamba Cannon ameshinda.

Kabla ya hapo, Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimemwita. Mnamo 1917 alivuka bahari hadi Ufaransa, akashuhudia wanajeshi wakizirai na kufa ingawa majeraha yao hayakuonekana kuwa ya kufisha. Shinikizo lao la damu liliporomoka, ngozi ikawa baridi, uhai ukatoka taratibu. Aliamini kwamba damu yao ilizidi asidi, akashauri watibiwe kwa magadi. Baadaye ilibainika kwamba asidi ilikuwa matokeo tu, na kwamba tatizo kuu lilikuwa upungufu wa damu inayozunguka mwilini. Cannon aliyakubali makosa ya aina hiyo kuwa sehemu ya utafiti, na katika kitabu cha maisha yake alitenga nafasi ya kuyajadili.

Aliporudi maabarani, aligeukia ubongo wenyewe. Nadharia iliyotawala ilikuwa ya mwalimu wake wa zamani, William James, pamoja na Carl Lange wa Denmark. Wawili hao walidai kwamba hisia huanzia mwilini. Kwa mtazamo wao, mtu huogopa kwa sababu moyo wake umeanza kudunda, wala hadundwi na moyo kwa sababu ameogopa.

Mnamo 1927 Cannon aliivamia nadharia hiyo. Alieleza kwamba mnyama aliyekatwa neva zinazounganisha viungo vya ndani na ubongo bado huonyesha hasira. Aliongeza kwamba mabadiliko yale yale ya mwili hutokea katika hofu, hasira na hata homa, na kwa hivyo hayawezi kuwa ndiyo yanayotofautisha hisia moja na nyingine. Mwanafunzi wake, Philip Bard, alionyesha mwaka uliofuata kwamba kitovu cha vurugu hiyo kimo katika haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo. Wanyama walioachiwa sehemu hiyo walitoa makucha na kusimamisha manyoya hata baada ya gamba la ubongo kuondolewa. Ilipokatwa, ghadhabu hiyo ilitoweka.

Wakati huo huo alikuwa akijiuliza ni nini kinachotokea mnyama asipokuwa na neva za simpathetiki kabisa. Aliwaondolea paka kadhaa mnyororo mzima wa neva hizo. Kinyume na matarajio ya wengi, paka wale waliishi. Walikula na kulala ndani ya maabara yenye joto kana kwamba hawakupoteza kitu. Lakini walipowekwa penye baridi hawakuweza kusimamisha manyoya wala kuhifadhi joto lao, na walipofanyishwa kazi ngumu walichoka upesi.

Kwa Cannon, hilo lilikuwa funzo kubwa. Neva zile si za dharura ya vita pekee. Ni walinzi wanaohakikisha kwamba joto, sukari, chumvi na maji ya mwilini havipandi wala kushuka kupita kiasi, hata dunia ya nje ikigeuka vipi. Hali hiyo ya uwiano ndiyo aliyoipa jina la homeostasi mnamo 1926, akaifafanua kwa wasomi mnamo 1929 na kuieleza kwa umma katika kitabu chake maarufu cha 1932 kuhusu hekima ya mwili.

Hata hivyo, kuna taji lililomponyoka. Katika majaribio ya moyo usio na neva, aligundua kwamba hata tezi za adrenali zikiondolewa, kitu fulani kilichotolewa na ncha za neva za simpathetiki bado kiliingia katika damu na kuuchochea moyo. Akishirikiana na Mbelgiji Zénon Bacq mnamo 1931, alikiita simpathini. Kisha yeye na mtafiti wa Mexico, Arturo Rosenblueth, wakadai kwamba kuna simpathini za aina mbili, moja ya kuchochea na nyingine ya kutuliza.

Dai hilo lilikuwa na kasoro. Mnamo 1946 Ulf von Euler wa Uswidi alionyesha kwamba kemikali inayotolewa na neva hizo ni noradrenalini, na mnamo 1970 akatuzwa Nobel pamoja na wengine wawili. Tuzo ya 1936 kuhusu mawasiliano ya neva kwa njia ya kemikali iliwaendea Otto Loewi na Henry Dale. Cannon alipendekezwa mara kadhaa lakini hakuipata.

Hakuwa msomi wa kujifungia maabarani. Kwa miaka mingi aliongoza kamati ya madaktari wa Marekani iliyotetea utafiti unaotumia wanyama, na papo hapo akatunga kanuni za kuwalinda wanyama hao dhidi ya mateso yasiyo ya lazima. Alikuwa rafiki wa Ivan Pavlov wa Urusi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Uhispania mnamo 1936, aliongoza kundi lililopeleka madaktari na dawa kwa upande wa serikali ya jamhuri. Baadhi ya watu nchini mwake walimwita mkomunisti kwa ajili hiyo, lakini hakurudi nyuma.

Mnamo 1942, mwaka wa kustaafu kwake, alichapisha katika jarida la American Anthropologist makala ambayo msomaji wa Afrika hawezi kuipita bila kusimama. Alikuwa amekusanya taarifa za wasafiri, madaktari na wamishenari kutoka Afrika, Australia, Amerika Kusini na visiwa vya Pasifiki kuhusu watu waliokufa baada ya kulaaniwa, kurogwa au kuvunja mwiko.

Kisa kimojawapo kilitoka Kongo katika karne ya 17. Kijana mmoja aliyepigwa marufuku kula kuku wa mwituni alikula kiamsha kinywa kwa rafiki yake baada ya kuhakikishiwa kwamba nyama ile haikuwa ya ndege huyo. Miaka kadhaa baadaye rafiki alimfichulia, kwa kicheko, kwamba alikuwa amemdanganya. Kijana alianza kutetemeka, na kabla ya siku kwisha alikuwa ameaga dunia.

Cannon hakuwabeza watu hao wala kuwaita wajinga. Alihoji iwapo hofu kuu, inapomkamata mtu aliyetengwa na jamii yake na kukata tamaa, inaweza kuzifanya neva za simpathetiki na adrenalini kufanya kazi mfululizo bila kupumzika hadi mzunguko wa damu uporomoke, kama alivyoona kwa wanajeshi wa Ufaransa. Silaha iliyoundwa kumwokoa mtu humgeukia mwenyewe.

Baadhi ya watafiti waliomfuata walitilia shaka maelezo hayo, wakidai kwamba moyo katika hali hiyo huenda hupunguza kasi badala ya kuiongeza. Lakini mnamo 1990 madaktari wa Japani walieleza ugonjwa ambapo msuli wa moyo hulegea ghafla, mara nyingi baada ya msiba au mshtuko mkubwa. Mafuriko ya adrenalini na jamii yake ndiyo yanayoshukiwa zaidi kuwa chanzo chake. Wagonjwa wengi hupona, ila wengine hufa. Hoja ya Cannon haijazikwa.

Kilichozikwa ni mwili wake. Katika siku zile za mwanzo, hakuna aliyejua kwamba miale ya eksirei huua polepole. Cannon alisimama mbele yake kwa saa nyingi, mwezi baada ya mwezi, akitazama matumbo ya paka. Mikono yake iliungua, ngozi ikamwasha na kumsumbua kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1930 akapatikana na saratani iliyohusishwa na miale ile. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliendelea kufanya kazi, akaandika kitabu kuhusu maisha ya mtafiti, na kikachapishwa mwaka wa kifo chake. Alifariki mnamo Oktoba 1, 1945, mjini Franklin, jimbo la New Hampshire, akiwa na umri wa miaka 73.

Wanasayansi walioishika kazi yake wameirefusha kwa njia ambayo yeye hakuiona kikamilifu. Cannon alifuatilia amri ikitoka ubongoni, ikapitia neva, ikafika katika tezi na kuachilia homoni. Leo inajulikana kwamba homoni nazo hurudi ubongoni na kuubadilisha usemi wake. Damu ikiwa na anjiotensini nyingi, homoni hiyo hugusa sehemu chache za ubongo zisizo na kizuizi kati yake na damu, na neva za simpathetiki huongezewa kasi. Leptini, homoni ya mafuta ya mwili iliyogunduliwa mnamo 1994, hufanya vivyo hivyo kupitia haipothalamasi, na ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za watu wanene kupatwa na shinikizo la damu. Estrojeni, kwa upande wake, huonekana kuzituliza neva hizo, na kina mama wengi huanza kusumbuliwa na shinikizo baada ya hedhi kukoma.

Hata adrenalini, ambayo haiwezi kupenya ubongoni kwa urahisi, hutuma habari kupitia neva inayopanda kutoka kifuani na tumboni. Ndiyo maana mtu husahau alichokula juzi lakini hakumbuki kwa shida ajali aliyoiona miaka 20 iliyopita.

Mgonjwa anayepewa tembe za kuzuia anjiotensini katika zahanati, au anayeshauriwa na daktari apunguze wasiwasi kabla moyo haujamlemea, anafaidi matunda ya mti ambao Cannon alikuwa miongoni mwa waliopanda mbegu yake. Aliuonyesha ulimwengu kwamba hofu si aibu wala udhaifu, bali ni mlinzi. Akaonya pia kwamba mlinzi asiyepewa nafasi ya kulala mwishowe huiangusha nyumba anayoilinda.